Umemwachia Nini? Jina la Mtoto Likihamia Chuo na Mfuko Ukabaki Nyumbani

Kila mwaka kati ya Julai na Oktoba, makundi ya WhatsApp ya wazazi wa waliomaliza kidato cha sita huwaka moto. Mmoja anauliza kama inafaa kumsindikiza mtoto hadi mlango wa hosteli. Mwingine anajibu kwamba yeye alikwenda chuo peke yake, juu ya lori la mahindi, na hakufa. Wa tatu kapanga chumba karibu na chuo na kamweka dada wa kazi humo, ampikie kijana wa miaka 20. Wa nne anaandika kwa herufi kubwa: AMESHAKUWA MTU MZIMA, AJITEGEMEE. Kisha anatokea mtu na picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema, na mjadala unafia hapo.

Mwaka binti yangu alipomaliza nilikuwa ndani ya kundi la namna hiyo. Nilisoma yote, sauti ndefu nikazisikiliza, na nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ilinichukua muda kuona kwamba tulikuwa tunagombana juu ya neno moja, kila mtu na maana yake kichwani. Neno hilo ni "kumwachia".

Tuanze nalo, maana Kiswahili chenyewe kimeshafanya nusu ya kazi.

Ukisema "nimemwacha mtoto", aliyeachwa ni mtoto. Yupo pale, wewe umeondoka. Ukisema "nimemtelekeza", umeondoka na wajibu hukuutimiza, na ustawi wa jamii wanaweza kukuita. Lakini ukisema "nimemwachia mtoto", sentensi haijakamilika. Anayekusikiliza atakuuliza: umemwachia nini? Funguo? Duka? Mdogo wake? Herufi moja tu imeongezeka na habari imebadilika kabisa: mtoto hajaachwa, kuna kitu kimetoka mkononi mwako kikaingia mkononi mwake. Kwa hiyo swali la kundi letu, "tuwaachie au tusiwaachie?", lilikuwa limekosewa tangu mwanzo. Swali lenye jibu ni umemwachia nini, na kipi bado umekishika.

Mama yeyote aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa anaijua habari hii kwa mwili wake. Kuna wanaopaka shubiri, kuna wanaompeleka mtoto kwa bibi wiki mbili, kuna wanaopunguza polepole, kwanza mchana halafu usiku. Kila mmoja na njia yake, lakini sijamsikia aliyemwachisha mtoto ziwa akaacha na kumlisha. Chakula kilibadilika, na mikono iliyokuwa inambeba ikaanza kumkalisha mbele ya bakuli la uji ajipake mpaka masikioni.

Neno la pili ni "chuo". Kwa mtu wa Unguja au mwambao, mtoto aliye chuoni anaweza kuwa wa miaka saba, juzuu kwapani, anakwenda kwa mwalimu wake wa Kurani. Hapa nazungumzia chuo kikuu pamoja na vyuo vya kati vinavyotoa cheti na diploma. Tofauti ya umri humo ndani ina uzito. Anayemaliza kidato cha sita Tanzania kwa kawaida ana miaka 18 hadi 20. Anayeingia chuo cha kati akitokea kidato cha nne anaweza kuwa na 16 au 17, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto. Huyo una haki na wajibu wa kumshika zaidi. Yanayofuata yanawahusu waliovuka mstari huo.

Jina limehama

Kinachotuchanganya sisi wazazi, kwa maoni yangu, ni kwamba siku mtoto anapoingia chuo vitu viwili vilivyokuwa pamoja miaka yote vinatengana: jina na mfuko. Shuleni tulikuwa tunalipa sisi, na karatasi zote zilikuja kwetu. Mwalimu mkuu alimwita "mzazi wa fulani". Fomu ya kujiunga tulisaini sisi. Ripoti ya muhula ilitukuta sisi, hata kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuificha.

Chuo kikuu jina linahama. Maombi ya kujiunga anayafanya mwenyewe moja kwa moja chuoni, kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Simu yake, si yako. Kwenye kundi letu kulikuwa na baba aliyelala akiamini kijana wake anakwenda kusoma uhasibu Dar es Salaam, akaamka kijana ameshathibitisha kilimo Morogoro. Akaandika, "Nimedhulumiwa." Hakudhulumiwa. Namba ya siri ilikwenda kwa mwenye jina.

Mkopo ni vilevile. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, inamkopesha mwanafunzi. Mzazi anaonekana kwenye fomu kama mdhamini. Akija kuajiriwa, makato ya asilimia 15 yatatoka kwenye mshahara wake wa msingi. Na ile fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi wote wanaiita boom, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, inaingia kwenye akaunti yake baada ya yeye kusaini. Wengi wetu tunasikia "mkopo umetoka" na kudhani tumepunguziwa mzigo sisi. Kwa kweli mtoto ameingia deni lake la kwanza maishani. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu astahili kuulizwa maoni yake.

Matokeo nayo. Ya kidato cha sita yanabandikwa na Baraza la Mitihani kwenye tovuti, na anayejua namba yake ya mtihani anayaona, hata mjomba aliyeko Muscat. Ya chuo yanakaa kwenye akaunti ya mwanafunzi, yenye nywila yake. Ukijumlisha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, utaelewa kwa nini ofisi haziwi nyepesi kumsomea mzazi matokeo ya mtu mzima kwenye simu.

Mimi sikuelewa. Mwisho wa muhula wa kwanza nilipiga simu chuoni, nikajitambulisha kwa majina matatu.

"Shikamoo mama," akasema kijana aliyepokea. "Binti ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi mama yangu, muulize mwenyewe. Atakuonesha."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia ada nalipa mimi, na kabla ya ada nililipa nauli ya kwenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na kabla ya nauli nilibeba mimba. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Naelewa, mama. Ada ni yako. Matokeo ni yake."

Nilikata simu nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha maharage. Jioni nikajikuta nawaza pikipiki. Fikiria umemnunulia mpwa wako bodaboda. Fedha zako, lakini kadi imeandikwa jina lake na leseni ni yake. Akisimamishwa na trafiki, anayeulizwa ni yeye. Wewe unaweza kuwa umekaa nyuma, tena umelipia na mafuta. Unaweza kumwambia "punguza mwendo", unaweza kumwambia "mwanangu, lile lori silipendi". Kitu kimoja huwezi: kupitisha mikono kiunoni mwake ukashika usukani ukiwa nyuma. Mtaanguka wote wawili.

"Alishazoea bweni"

Hii ndiyo dhana niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, na nadhani ndiyo yenye madhara zaidi kwa sababu ina nusu ya ukweli. Watoto wengi wa kidato cha tano na sita wanakaa bweni. Wamefua wenyewe, wamelala mbali na nyumbani, wamekula ugali wenye wadudu na wakanyamaza. Kwa hiyo mzazi anahitimisha: huyu ameshajitegemea, chuo ni bweni lenye majengo makubwa tu.

Tazama bweni linavyoendeshwa. Kengele ya kuamka, kengele ya usafi, kengele ya paredi. Mwalimu wa zamu anajua nani hakuingia prepu. Matroni anajua nani anaumwa. Simu hairuhusiwi. Chakula kinapikwa na mtu mwingine, saa ileile, na hata usipokipenda hakuna uamuzi wa kufanya. Mtoto amekaa mbali nawe, ndiyo, lakini maamuzi yake hayakuwa kwake. Yalitoka kwa mzazi yakaenda kwa mwalimu wa zamu. Bweni linafundisha kuvumilia na kutii, vitu vizuri vyote viwili. Kuchagua halifundishi.

Nilikuwa na tranka la bati ambalo binti yangu alikwenda nalo kidato cha tano. Kufuli lilikuwa na funguo mbili, moja yake, moja nilibaki nayo mimi nimeifunga kwenye kona ya kanga. Akirudi likizo nilikuwa nafungua na kukagua. Sikumbuki kukuta kitu cha maana zaidi ya barua moja ya mvulana yenye makosa mengi ya herufi. Siku anakwenda chuo alichukua begi la matairi lenye namba za kuzungusha. Nilimuuliza namba. Akacheka, nikacheka. Hakunitajia.

Pacha wa dhana hiyo ni "JKT itamnyoosha". Tangu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita huitwa kambini kwa miezi kadhaa. Makutupora, Ruvu, Mafinga, Oljoro, Bulombora, wanatawanyika nchi nzima. Tangazo likitoka, wazazi tunakimbilia sokoni na orodha: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni na urefu wa kufika magotini, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari. Hizo shuka nilizitafuta Iringa nzima. Kila mfanyabiashara alikuwa na bluu yake na wote waliapa ndiyo bahari yenyewe. Muuzaji mmoja, kijana mdogo, akaniambia, "Mama, chukua hii, afande hatabisha." Nikachukua.

Alirudi kambini amekonda, anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuitwa, anakunja shuka zile pembe kwa pembe kama bahasha. Nilifurahi wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kulala mpaka saa nne asubuhi. Jambo hili halipaswi kumshangaza mtu. Nidhamu ya kambini ina filimbi, na filimbi ilibaki Makutupora. Chuo kikuu hakuna anayepiga filimbi. Mhadhara unaanza saa moja asubuhi, na usipokwenda hakuna anayekuja kukugongea.

LUKU

Mfano bora wa fedha za chuo upo kwenye ukuta wa nyumba yako: mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba ambayo mtu mmoja ananunua umeme na wengine wote wanautumia, taa ya choo huwaka usiku kucha. Mpe kila mpangaji mita yake na utashangaa: watu waliokuwa wanapiga pasi chupi wanaanza kuzima feni. Kilichowabadilisha ni kuziona yuniti zikishuka.

Mtoto anayetumiwa elfu kumi kila anapoomba haoni yuniti. Anaona simu ya mama, na simu ya mama haina mita. Huyu anaweza kumaliza miaka mitatu bila kujua gharama ya maisha yake kwa mwezi. Upande wa pili yupo anayepata boom: kwa hesabu ya siku 60 ni shilingi 600,000 zinazoingia kwa mkupuo kwa mtu ambaye miezi sita iliyopita alikuwa anaficha elfu tano kwenye soksi. Wanafunzi wenyewe wana simulizi nyingi za "wiki ya boom", chipsi kuku na viatu vipya, na wiki za mwisho ambazo kila mtu anamtafuta rafiki mwenye unga.

Nilichojifunza, na hapa nasema kwa makosa yangu, ni kwamba fedha nayo inaachiwa kwa vipande. Mwezi wa kwanza nilituma ya wiki. Halafu ya wiki mbili. Muhula wa pili nikatuma ya mwezi mzima, nikamwambia hii ndiyo mita yako. Mwezi huo iliisha tarehe 19. Alipiga, nikasikia sauti yake inavyozunguka: mvua, mitihani, paka wa hosteli. Nilimuuliza imeendaje. Tukahesabu pamoja kwenye simu, dakika kumi na tano, na fungu kubwa lilikuwa vifurushi vya intaneti na usafiri wa pikipiki kwa umbali ambao mimi ningetembea. Nilimtumia ya chakula, pungufu. Kuna wazazi wenye moyo mgumu ambao wangesema alale njaa ajifunze. Mimi njaa siioni kuwa mwalimu mzuri, hasa kwa binti aliye mjini. Njaa ina wasaidizi wengi wasio na nia njema.

Wasaidizi hao siku hizi wako hata ndani ya simu. Mwenye miaka 18 anaruhusiwa kisheria kubeti, na mikeka, yaani karatasi za kubeti, inachanwa kila wikendi hosteli nzima. Programu za mikopo ya haraka nazo zinakopesha mtu asiye na kipato, kisha zinawatumia ujumbe wa aibu watu waliomo kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mzazi akipokea ujumbe wa kudaiwa deni la mwanawe, kishawishi cha kwanza ni matusi. Mtoto aliyetukanwa kwa deni la elfu thelathini hatakuambia la laki tatu.

Kujua na kuamua

Hapo ndipo penye fundo kubwa kuliko yote. Tumezoea kwamba anayejua ndiye anayeamua. Mtoto akisema "naumwa tumbo", mama anaamua dawa. Akisema "nimefeli hesabu", baba anaamua tuisheni. Miaka 18 mfululizo kila taarifa iligeuka uamuzi wa mtu mwingine. Sasa amefika chuo na bado unataka kujua kila kitu, haki yako kabisa, lakini kila unachokijua unakiamulia. Naye si mjinga. Atapunguza taarifa. Utabaki na "niko poa" na "masomo yanaenda vizuri" mpaka siku barua inakuja.

Barua hiyo ina msamiati wake, na ni vizuri mzazi akaujua kabla. Mwanafunzi akifeli mtihani wa somo anarudia kabla ya mwaka mpya wa masomo. Hiyo ndiyo sapu. Somo likimganda anaweza kulibeba mwaka unaofuata, na hapo wanasema amekeri. Akishindwa kufikia kiwango cha chini chuo kinamwondoa, na hiyo ndiyo kudisco, neno ambalo wazazi wengi hulisikia wakadhani kijana alikwenda kucheza muziki. Sapu haijawahi kuwa msiba. Wapo madaktari wanaotutibu waliopita humo. Kinachogeuza sapu kuwa kudisco mara nyingi ni kimya, yaani mtoto kuogopa kumwambia yeyote kwamba somo limemshinda mpaka muda wa kurudia umepita.

Na kuna fujo ya namba. Kidato cha sita pointi chache ndiyo sifa: pointi 3 ni A tatu, na daraja la kwanza linaishia pointi 9. Chuoni kipimo ni GPA, mwisho wake 5.0, na kubwa ndiyo nzuri. Nimemsikia baba mmoja kwenye daladala akitangaza kwa furaha kwamba kijana wake ana "mbili nukta saba, karibu na ile moja kabisa". Kijana alikaa pembeni anatazama dirishani kwa bidii. Mbili nukta saba ni mwanzo wa daraja la pili la chini. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Sikusema kitu; haikuwa taarifa yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza nini hasa cha kubadilisha, ningesema swali la simu. Sisi tuna swali moja la taifa: "Umekula?" Ni swali zuri, limebeba uko hai, una fedha, nani amekuudhi, na mvua inanyesha huko? Lakini jibu lake ni "ndiyo" au "bado", na "bado" linaleta elfu tano. Nilijaribu lingine: "Umeamuaje?" Mara ya kwanza alinyamaza akidhani laini imekata. Alikuwa ananieleza mwenzake wa chumba anayepiga muziki usiku, na alitegemea nitapiga simu kwa mlezi wa hosteli. Aliishia kuongea na mwenzake mwenyewe, vibaya, wakanuniana wiki nzima, kisha wakanunua spika moja ya sikioni wakachangia. Suluhisho la ajabu. Mimi nisingelifikiria.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Wazee wengine wanasema kumpa mtoto nafasi ya kuamua ni uzungu, kwetu mtoto hakui kwa mzazi wake. Nusu ya pili ni kweli, mama yangu ana miaka 74 na bado ananiuliza kama nimevaa sweta. Nusu ya kwanza inasahau jando na unyago. Jamii nyingi za kwetu hazikumwachia mzazi peke yake kazi ya kumvusha mtoto. Alikuwepo kungwi, alikuwepo somo, mtu mzima mwingine ambaye mwali angeweza kumuuliza yale ambayo mama hayasikii. Mama alimkabidhi mwanawe kwa mtu, kisha akakaa pembeni akipika na kusubiri. Kukaa pembeni kulikuwa na utaratibu, na ngoma juu yake.

Leo somo wa mtoto wa chuo anaweza kuwa binamu aliyemaliza miaka mitatu iliyopita, shangazi anayekaa Kimara, mama mchungaji, jirani wa zamani. Nilimwomba mdogo wangu wa kiume, aliyeko Mbezi, awe huyo. Nikampa sharti moja gumu kwangu kuliko kwake: usiniletee kila anachokuambia. Afya na usalama, niambie usiku huohuo. Mengine ni yenu. Mpaka leo kuna jambo la mwaka wa kwanza wanalijua wao wawili, wakilikumbuka wanacheka, na mimi nahudumia chai.

Kuhusu sisi tunaobaki, nitasema kidogo. Nyumba zetu haziwi tupu mtoto mmoja akiondoka. Kuna kitinda mimba, kuna mpwa, kuna bibi. Ndiyo maana huzuni yetu hatuipi jina. Nyumba imejaa, unalia nini? Mimi niliendelea kupima vikombe vitano vya mchele kwa miezi miwili. Kila jioni kiporo, kila asubuhi kiporo, mpaka kitinda mimba akaniuliza kama tumeanza biashara ya mgahawa. Nilihama kwenye vikombe vinne siku ya Jumapili, nikaenda chumbani nikajifuta uso kwa khanga, nikarudi kuwapakulia.

Mvua za vuli zilipoanza mwaka wa pili, alinipigia saa tatu usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna mwenzangu wa Kigoma amekosa chumba. Nimembeba."

Kubebana ndivyo wanavyoita wawili kulala kitanda kimoja, mmoja akiwa na jina kwenye orodha ya hosteli na mwingine hana. Hairuhusiwi. Najua hairuhusiwi, nilisoma sheria za hosteli zote kabla yake. Nilikuwa na mambo kama manane ya kusema: wakikukamata je, ana tabia gani, wazazi wake wanajua, kwa nini asipange gheto, chumba cha mtaani, una mtihani lini. Yalinijaa mdomoni.

"Shuka zinatosha?" nikauliza.

"Zile mbili za JKT. Moja nimempa yeye."

"Ile ya bluu bahari?"

"Mama, zote ni bluu bahari."